Diwani Patras na Chemba ya Soko la Nafaka

Patras Gill aliendesha trekta la taka miaka ishirini na miwili kabla watu hawajaanza kumwita mheshimiwa. Katika mji wa Mandi Sultanwala, kwenye tambarare za Punjab upande wa Pakistani, kazi ya taka ni ya Wakristo, na Wakristo karibu wote wanakaa mtaa mmoja, Barkatpura, nyuma ya reli. Babu yake alifagia barabara ya stesheni, na baba yake akafagia hiyo hiyo. Patras yeye alipata bahati ya kukaa juu, kwenye kiti cha trekta, na mama yake, alipokuwa hai, alisimama mlangoni kila asubuhi kumtazama akipita kana kwamba mwanawe amepanda farasi wa harusi.

Hakuwa msemaji. Alikuwa mzee wa kanisa, na sauti yake ilijulikana kwenye zaburi. Akianza yeye kuimba, akina mama wa nyuma walikatiza umbea wao. Lakini kilichompa jina ni benchi. Mgonjwa wa Barkatpura akifukuzwa hospitali, au mjane akinyimwa cheti, Patras alikwenda akakaa kwenye benchi la ofisi hiyo, kofia magotini, bila kugombana na mtu. Alikaa mpaka karani akachoka kumwona. Kwa hiyo kilipotangazwa kiti cha Wakristo kwenye baraza la mji, mshindani wake alikuwa fundi cherehani mmoja tu, naye alijitoa baada ya wiki mbili. Alisema hata mke wake mwenyewe hampigii kura.

Jumapili ya kuapishwa, Mchungaji Salamat alimwita mbele aweke mkono juu ya Biblia. Alitakiwa kusema "Mungu anisaidie," basi. Patras akaongeza ya kwake. "Katika kipindi changu," alisema, "hakuna mwanamume wa mtaa huu atakayeshuka kwenye chemba ya maji taka bila barakoa ya hewa. Akishuka akafa, msije kuniomba maelezo. Njooni mnidai yeye."

Kanisa zima likaitikia amina. Kwenye mstari wa pili Sharif Masih aliitikia kwa sauti kuliko wote. Alikuwa na haki ya kufanya hivyo, maana ndiye aliyekuwa mzibuaji hodari kuliko wote mjini: mtu mfupi, mwembamba, mcheshi, aliyekua pamoja na Patras tangu wote wawili wakiogelea kwenye mfereji wa mashamba.

Ofisini mambo yalikuwa mengine. Pale baraza la mji kulikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote. Chai ya madiwani ililetwa kwenye vikombe vya kauri vyenye maua ya buluu. Cha Mkristo kilikuwa kikombe cha bati, kilining'inia kwenye msumari karibu na bomba la uani, na aliyekitumia alikiosha mwenyewe. Miezi mitatu ya kwanza, kila chai ilipoletwa, Diwani Patras alisema ameshakunywa nyumbani.

Mwezi wa sita, katika joto la kuyeyusha lami, chemba ya Soko la Nafaka ikaziba. Maji meusi yakatambaa mpaka lango la shule ya wasichana, na kesho yake waziri alikuwa anakuja kufungua bustani ya mji. Mwenyekiti wa baraza, Chaudhry Ikram, alimpigia Patras simu.

"Diwani, watu wako wako wapi? Hii ni aibu ya mji mzima."

"Barakoa hazijafika, Mwenyekiti. Tuliomba tangu mwezi wa pili."

"Zitafika. Waziri hatangoja barakoa. Zungumza nao, wewe wanakusikiliza."

Hilo lilikuwa kweli. Patras akampigia Sharif.

"Uko wapi, kaka?"

"Nyumbani, mheshimiwa. Miguu iko kwenye beseni la maji, embe liko mdomoni. Leo si zamu yangu."

"Soko la Nafaka pameziba. Waziri anakuja kesho."

"Barakoa zimekuja?"

"Ziko njiani."

"Ziko njiani tangu Pasaka. Zinakuja kwa magoti, nini?"

"Nitashika kamba mimi mwenyewe, Sharif. Mimi, si mtu mwingine."

Sharif akacheka. "Haya, nakuja. Lakini ukiniangusha, nakushtaki kwa wajina wako aliyeshika funguo za mbinguni."

Wazibuaji wa mji ule wana utaratibu wao. Aliye chini huita, "Upo?" Aliye juu hujibu, "Nipo." Huitana hivyo kila baada ya dakika moja au mbili. Mwito wa chini ukichelewa, aliye juu havuti pumzi, anavuta kamba. Saa tano asubuhi Sharif alishuka, na kwa nusu saa Patras alijibu kila mara, miguu imepanuka, kamba imezungushwa kiunoni. Ndoo zilipanda na tope, zikashuka tupu.

Kisha tarishi akaja mbio kutoka jengo la baraza, ng'ambo ya barabara. "Mwenyekiti anakuita. Sasa hivi. Wageni wa waziri wametangulia."

Mwenzao Yunis alikuwa amekwenda kuleta mianzi ya kuzibulia. Patras akafunga kamba kwenye ndoano ya trekta. Akainama juu ya shimo, akapaza sauti, "Narudi sasa hivi!" Hakungoja kusikia jibu.

Ghorofani palikuwa na baridi ya mashine. Mwenyekiti alikuwa na maofisa wawili kutoka mji mkubwa. "Huyu ndiye diwani wetu wa Wakristo," aliwaambia. "Bila yeye tungezama. Kaa, Diwani. Leo unakunywa na sisi." Chai ikawekwa mbele yake ndani ya kikombe cha maua ya buluu. Patras alikitazama. Alikishika kwa vidole viwili, kwa uangalifu, kama mtu aliyeshika yai la mwenzake. Akapewa na biskuti. Angeweza kunywa kwa mkupuo mmoja akaondoka. Hakufanya hivyo. Alikunywa polepole, akitaka wote walioko chumbani wamwone anavyokunywa, na alipofika nusu akakirudisha kwenye kisahani ili kidumu.

Kelele zikasikika kutoka barabarani.

Yunis na wapakizi wa magunia ndio waliomvuta Sharif juu. Gesi ilikuwa imeshamaliza kazi yake. Walimlaza kivulini, kando ya mkokoteni wa matikiti, wakammwagia maji, wakamkanda kifua, na Patras akashindwa kumfungua kifungo cha shati. Muuza matikiti, mzee wa Kiislamu mwenye ndevu za hina, alikuwa analia.

"Aliita jina lako," alimwambia Patras. "Mara tatu. 'Patras, upo?' Nilidhani mnataniana. Nimezoea kuwasikia mkitaniana."

Maneno hayo hakuyasema kwa ubaya. Yangekuwa ya ubaya, Patras angejua pa kuyaweka.

Siku ya pili baada ya mazishi, Mwenyekiti alimwita tena. Mezani palikuwa na karatasi iliyokwisha kupigwa chapa: marehemu alishuka kwa hiari yake, siku isiyo zamu yake, bila amri ya mtu yeyote. Chini palikuwa na nafasi ya shahidi.

"Nilimwita mimi," alisema Patras. "Na wewe uliniita mimi."

"Kwa simu," alisema Chaudhry Ikram. Hakuwa mtu wa kufoka. Alizungumza kama mjomba. "Simu haina mhuri. Sikiliza, Diwani. Watu wako wanalilia ukuta wa makaburi tangu enzi za baba yangu. Nyati wa kufugwa wanalala juu ya wafu wenu. Nitaujenga kabla ya mwezi wa kumi na moja, wa matofali, wenye lango la chuma. Chagua. Utawapa ukuta, au utawapa diwani aliye jela?"

Patras akaweka sahihi. Aliandika jina lake lote, kwa mwandiko mzuri aliofundishwa na masista.

Tangu hapo mji ukamgeukia. Mandi Sultanwala ina mifuniko ya chemba mia tatu na kitu, naye aliijua yote kwa miaka ya kuizungukia na trekta. Alikuwa anatembea mchana kweupe, jua la utosi, watu wamejaa madukani, akikaribia mfuniko anasikia kutoka chini: "Upo?" Halikuwa neno la kutisha. Lilikuwa ni sauti ile ile ya kawaida, yenye mzaha kidogo, ya mtu anayetaka tu kuhakikisha. Alianza kupita katikati ya barabara, pikipiki zikimpigia honi. Kisha akaanza kuzunguka kupitia uwanja wa reli ambako hakuna bomba. Mke wake, Nasim, alimkuta siku moja amesimama juu ya tundu la maji la bafuni, taulo mkononi, anajibu.

"Unaongea na nani?" aliuliza Nasim.

"Hakuna mtu."

"Sasa huyo hakuna-mtu mwambie aje kula, chakula kinapoa." Lakini alipokwisha kusema hivyo alimtazama mumewe usoni, na hakurudia utani ule tena.

Kanisani ilikuwa mbaya zaidi. Alipoanza zaburi na watu wakaitikia, katikati ya maitikio yao palikuwa na nafasi, mstari wa pili, mahali pa sauti moja. Akaanza kusingizia koo. Mchungaji Salamat alimletea asali. Chai nayo ilimshinda, ya kikombe chochote. Ikifika mdomoni ilinuka tope la Soko la Nafaka. Pale ofisini sasa alipewa kikombe cha kauri kila siku bila kuulizwa, na kila siku kilipoa mbele yake.

Na ukuta ukapanda. Kila wiki ulikuwa juu zaidi, matofali mekundu, imara. Akina mama walimbariki njiani. Wazee walimshika mkono kwa mikono miwili. "Babu zetu walikuwa wanalala na nyati, Diwani. Wewe umewapa chumba." Wakauita ukuta wa Patras. Kaburi la Sharif lilikuwa la mwisho upande wa mashariki, na ukuta ulipita hatua tatu tu kutoka kichwani pake.

Rashidan, mjane wa Sharif, hakumbariki wala hakumlaani. Akikutana naye alisema, "Salamu, shemeji," akapita. Patras alijaribu mara mbili kumpelekea unga na mafuta ya kupikia. Mara zote mbili alivikuta vimerudishwa kizingitini kwake.

Tarehe mbili ya mwezi wa kumi na moja, siku ya kuwaombea marehemu, Barkatpura yote ilikwenda makaburini asubuhi na ndoo za maji, waridi na ubani. Mwaka huo palikuwa na turubai na vipaza sauti, kwa sababu ukuta ulikuwa unawekwa wakfu. Chaudhry Ikram alituma mwakilishi na masanduku ya peremende. Mchungaji aliomba, akashukuru, akamwita diwani. Na aliyepangwa kumvisha taji la maua, kwa wazo la mtu ambaye hakukusudia ubaya wowote, alikuwa Kiran, binti mkubwa wa Sharif.

Msichana akainua mikono. Patras akarudi nyuma.

"Usinivishe, mwanangu," alisema. Kipaza sauti kikalichukua neno hilo mpaka langoni.

Watu wakacheka kidogo. Walidhani ni unyenyekevu.

"Baba yako hakushuka kwa hiari yake. Alikuwa nyumbani anakula embe. Nilimwita mimi. Mwenyekiti aliniita mimi, nami nikamwita yeye, nikamwahidi nitashika kamba. Nikaifunga kwenye trekta nikaenda kunywa chai. Aliniita mara tatu, sikuwepo. Kisha nikaandikia serikali kwamba alijiendea mwenyewe. Ukuta huu ndio malipo ya sahihi yangu."

Mwakilishi wa mwenyekiti akaweka chini sanduku la peremende. Mchungaji Salamat, ambaye alikuwa amekwisha kuwa mweupe, alisema karibu na kipaza sauti, "Ndugu zangu, tuimbe," lakini hakuna aliyeanza, maana aliyezoea kuanza ndiye huyo aliyesimama pale.

Ndipo mzee mmoja kutoka nyuma akapiga ukelele: "Nyamaza, Patras! Watakuja kuubomoa!"

"Kweli!" akadakia mwingine. "Hayo ungemwambia Mungu chumbani kwako! Wafu wetu wamekukosea nini?"

"Na tukikosa kazi sisi? Una kichaa wewe?"

Yunis alikuwa amekwisha kukunja mikono ya shati. Wengine wakamshika Patras bega, wamtoe, haikujulikana kama ni kumwokoa au kumpiga. Rashidan alikuwa ameketi chini kando ya kaburi, ubani unafuka mbele yake.

"Mwacheni amalize," alisema.

"Nimemaliza, shemeji."

"Hujamaliza. Haya sisi tulikuwa tunayajua." Hakupaza sauti, ila wote walimsikia. "Mume wangu aliondoka nyumbani na simu yako sikioni. Unadhani mimi ni kiziwi? Yunis anajua. Nusu ya hawa wanajua, na ukuta wameupenda. Nimekusubiri miezi mitano nione utakwenda kwa nani. Umekuja kwetu. Kwetu ni rahisi. Nenda kwa waliopokea karatasi yako."

Kiran alikuwa bado ameshika taji. Akaenda akaliweka juu ya kaburi la baba yake.

Kesho yake Patras alikwenda polisi. Inspekta alimsikiliza akichokonoa meno. "Faili limefungwa," alisema. "Shahidi alikuwa mtu mwaminifu kabisa. Wewe."

"Nilidanganya."

"Basi nenda nyumbani usidanganye tena. Unajua nikilifungua, wa kwanza kulala ndani ni nani?"

"Ndiyo. Ndiyo maana nimekuja."

Inspekta akamwambia mlinzi amtoe. Patras hakutoka mbali. Palikuwa na benchi varandani. Akakaa, kofia magotini. Alikaa siku hiyo na siku iliyofuata. Siku ya tatu kulikuwa na kikao cha baraza, akaenda huko na maelezo yake aliyoyaandika kwa mkono, kurasa mbili. Alipoanza kuyasoma, Chaudhry Ikram akaahirisha kikao, madiwani wakatoka mmoja mmoja, wengine wakimwangalia kwa huruma kama anavyotazamwa mgonjwa. Patras aliendelea kuvisomea viti. Karani wa baraza, mtu mkimya aitwaye Tufail, ndiye peke yake aliyebaki, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuandika. Patras alipomaliza, Tufail aliichukua karatasi, akaigonga mhuri wa kupokelewa, tarehe na saa, akampa nakala.

"Mimi sikukuambia chochote," alisema Tufail. "Lakini yenye mhuri haipotei kirahisi."

Wakili wa chama cha wafagizi, mwanamke kutoka mji mkubwa, aliichukua nakala ile. Kesi ikafunguliwa mwezi wa pili. Mshtakiwa wa kwanza alikuwa Patras Gill, wa pili Chaudhry Ikram. Patras alilala rumande siku kumi na tisa kabla ya kudhaminiwa. Alijiuzulu udiwani, na fundi cherehani akapata kiti. Baraza la kanisa lilimwondoa uzee; alipiga kura ya kuondolewa kwake pamoja nao. Ukuta haukubomolewa. Lakini mtu fulani aliuandika kwa makaa maneno machafu juu ya Patras, na ilichukua wiki mbili kabla ya mtu kuona haya akayafuta.

Jambo lingine lilitokea ambalo hakuna aliyelipanga. Majira ya mvua, chemba ya stesheni ilipoziba, Yunis na wenzake walikaa juu ya mfuniko wakasema hawashuki mpaka waletewe amri ya maandishi, yenye jina na sahihi ya anayewatuma. Msimamizi akamtafuta mhandisi, mhandisi akamtafuta mwenyekiti. Siku nne mji ulinuka. Hakuna hata mmoja aliyekubali kuandika jina lake. Siku ya tano ikaletwa mashine ya kunyonya kutoka mji wa jirani, na dereva wake alikuwa na barakoa nne, bado zimo kwenye karatasi zake za nailoni.

Patras hakushangilia. Alikuwa amerudi kwenye trekta kama kibarua, na bado alipita katikati ya barabara. Nasim alimuuliza kama ile sauti imeacha. "Haijaacha," alisema. "Ila siku hizi naisikiliza mpaka mwisho." Mkewe hakuelewa, wala yeye hakuweza kueleza zaidi.

Kesi iliahirishwa mara ya kwanza, ya pili, ya sita. Ukumbi wa mahakama ulikuwa na benchi moja refu la mbao, na kila tarehe Rashidan alikaa upande huu, Patras upande ule, watu wa kesi nyingine kati yao. Siku moja ya baridi, ukungu umetanda hata mawakili wanapapasa ngazi, watu wa katikati waliitwa ndani na benchi likabaki nao wawili.

Rashidan alivuta ncha ya shali yake.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua, shemeji."

"Usije ukanipangia kwamba siku moja nitakusamehe. Huenda isifike." Akatazama mbele. "Lakini ile nusu saa ya mwisho unayo wewe peke yako. Mimi sina. Alikuwa anasema nini?"

Patras hakuwa ameulizwa hilo na polisi, wala wakili, wala hakimu.

"Alikuwa anakusema wewe," alijibu. "Kwamba umepika bamia. Kila nikimjibu nipo, ananiambia, 'Usinivute mapema, nyumbani kuna bamia.'"

Rashidan akafunika mdomo kwa shali. Mabega yakamtikisika, na Patras akadhani analia, kumbe alikuwa anacheka, kwa shida, kama mtu aliyesahau namna yake.

"Muongo yule," alisema. "Alikula sahani mbili usiku uliotangulia. Na nyingine?"

Patras akamweleza. Alisema juu ya ndoo ya tatu iliyopanda na kiatu cha mtoto ndani, na Sharif akauliza kama kile cha pili kiko juu. Alisema juu ya wimbo wa sinema alioimba vibaya. Alikuwa bado hajafika kwenye mianzi ya Yunis pale tarishi wa mahakama alipotoa kichwa mlangoni, akasoma majina yao yote mawili, akasema hakimu hakufika kwa sababu ya ukungu, warudi tarehe kumi na nne.